Nani Anaitwa Mtoro? Asili na Maana ya Neno Moja la Kliniki

 

Mhadhara huu una shabaha moja. Unalichunguza neno mtoro, kama linavyotumika kliniki kumwita mgonjwa ambaye tiba yake imekatika. Utaeleza neno hilo lilikotoka, maana yake hasa katika vitabu vya tiba, na lawama linayoibeba. Mwisho utatoa pendekezo. Hoja ni tano, na hazilingani kwa urefu. Ile ya tatu ndiyo nzito, kwa hiyo wenye kalamu wajiandae.

Hoja ya kwanza: Neno lilifika kliniki likiwa na historia yake

Anayekaa nusu saa kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu au ya VVU, iwe Tanga, Mombasa au Mwanza, atalisikia. "Leo tunafuatilia watoro." "Huyu alikuwa mtoro, karudi Jumatatu." Neno ni jepesi mdomoni, na kila mtu amelijua tangu shuleni, ambako mtoro ni mwanafunzi asiyefika darasani bila ruhusa. Wengi hudhani limetoka huko.

Limetoka mbali zaidi. Katika pwani ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Neno limo katika kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, iliyochapwa London mwaka 1882. Mwaka huohuo, tarehe 24 Machi, Robert Koch aliwatangazia wataalamu wa Berlin kwamba amekipata kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Miongo kadhaa baadaye neno lile na kijidudu kile vilikutana katika rejesta moja.

Watoro wa enzi hizo walikuwa wengi, na walikuwa na miji yao. Witu, chini ya Ahmed aliyejulikana kama Simba, ilipokea waliokimbia mashamba ya pwani, wakalima na kumpigania mtawala aliyewahifadhi. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1870 na Mgiriama Mkristo, ikawa kimbilio la mamia ya watu. Wengine walijificha katika misheni ya Rabai. Wenye mashamba walipokuja juu, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ililazimika mwaka 1889 kuwalipa fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 ili waachwe huru. Tukio hilo linaonyesha neno lilisimama upande gani. Mtoro alikuwa hasara katika hesabu za mtu mwingine. Neno lilisema amemkimbia nani, na halikujishughulisha na kilichomkimbiza wala alikokwenda kutafuta uhai.

Ni haki kuongeza hapa kwamba watu waliitwa Mtoro kwa heshima zao zote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903. Wasomaji wa Kiswahili wanamdai shukrani hadi leo.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Neno halikufutwa. Lilihamia kwenye ajira za kikoloni. Kenya ilikuwa na sheria ya mabwana na watumishi tangu mwaka 1906, na chini yake kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, cheti ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumnasa aliyeondoka shambani bila idhini ya mwajiri. Kutoka shamba neno liliingia shule. Kutoka shule likaingia zahanati.

Nalo lilipoingia zahanati lilikuta mwenzake wa Kiingereza yuko tayari. Madaktari waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza walitumia "default" kwa mgonjwa aliyeacha kufika. Neno hilo lina asili ya Kifaransa cha kale na lilikulia mahakamani: ni kutofika mbele ya hakimu ulipoitwa, na pia kushindwa kulipa deni. Basi lugha mbili, kila moja kwa njia yake, zilimtafutia mgonjwa jina katika kabati la makosa. Moja ilimwona mdaiwa, nyingine ikamwona mkimbiaji.

Hoja ya pili: Kwa daktari, neno hili ni hesabu ya siku

Maana ya kitabibu ni kavu zaidi kuliko maana ya mtaani. Katika kifua kikuu, Shirika la Afya Duniani linamhesabu mtu katika kundi hili iwapo hakuanza matibabu, au matibabu yake yamekatika kwa miezi miwili mfululizo au zaidi. Katika tiba ya VVU, programu nyingi zinazofadhiliwa na Marekani huhesabu siku 28 tangu tarehe ambayo mtu alitarajiwa kufika. Kabla ya hapo zilikuwa zikihesabu siku 90.

Angalieni matokeo yake. Mtu aliyekosa dawa kwa siku 40 anahesabika katika chumba kimoja na hahesabiki katika chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, ndani ya kituo kilekile. Na mgonjwa wa VVU aliyekosa siku 40 kabla ya kipimo kubadilishwa hakuwa mtoro kwenye takwimu. Kipimo kilipobadilishwa akawa mtoro, ingawa yeye hakubadili chochote.

Na si watu wazima peke yao. Kliniki za mama na mtoto nazo hutengeneza orodha ya watoro wa chanjo. Mtoto anatakiwa kupata chanjo ya surua akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Asipoletwa, jina lake linaingia kwenye orodha hiyo. Mtoto ambaye hajajua kutembea ameandikwa kuwa ametoroka. Mfano huu peke yake unatosha kuonyesha kwamba neno halielezi kilichotokea. Linaeleza kwamba mtu hakuonekana, kisha linamwongezea nia ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja lisipotoshwe. Kukatika kwa tiba ni hatari ya kweli. Dozi ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita: miezi miwili ya dawa nne, rifampisini, aisoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi minne ya mbili za mwanzo. Wiki chache baada ya kuanza, homa hushuka, jasho la usiku hukoma, mtu hurudiwa na hamu ya chakula, na hapo ndipo hujiona amepona. Ndani ya mapafu bado vimo vijidudu vilivyolala, ambavyo dawa huvifikia polepole. Dawa ikikatika, vinaamka. Ikiwa mtu anameza leo na kuacha kesho, vile vyenye uwezo wa kuihimili dawa ndivyo vinavyobaki na kuzaana, na mwisho wake ni kifua kikuu sugu. Wauguzi wanaohangaika na orodha ya waliopotea wana sababu nzito ya kuhangaika. Mhadhara huu uko upande wao.

Hoja ya tatu: Tiba hukatikia mahali pengi

Ichukueni kadi ya matibabu ya kifua kikuu muiangalie kwa karibu. Ni karatasi ngumu yenye miraba midogo, mstari mmoja kwa kila mwezi, mraba mmoja kwa kila siku. Dozi ikimezwa mbele ya msimamizi, mraba unapata alama ya vema. Isipomezwa, unapata duara au mstari. Miraba ni midogo kiasi kwamba haitoshi neno hata moja. Hakuna mahali pa kuandika kwamba siku hiyo kivuko cha mto kilijaa maji, kwamba hapakuwa na nauli, au kwamba dirisha la dawa lilifungwa. Mwisho wa safari, rejesta za zamani zilimtaka mwandishi achague tokeo moja kati ya sita: amepona, amemaliza dawa, tiba imeshindwa, amefariki, ametoroka, amehamishwa. Yote yaliyoachwa nje na miraba ile yanasukumwa ndani ya "ametoroka".

Chukueni mfano wa mvuvi wa dago. Wavuvi wa mwambao huhama kwa kufuata pepo na samaki, wakapiga kambi ufukweni wiki au miezi, mbali na kwao. Mtu wa namna hii akianza dawa kijijini, kituo kimempa vidonge vya wiki mbili na tarehe ya kurudi. Upepo ukigeuka, chombo kinaondoka na nahodha hamsubiri. Kituo kilicho jirani na dago kinamwomba barua ya uhamisho ambayo hanayo. Amekosa dawa kwa sababu ya kazi inayolisha watoto wake, na kwa sababu ya mfumo uliopangwa kama kwamba wote tuna anwani moja mwaka mzima. Mfugaji anayehamia malisho yumo katika hali ileile, vivyo hivyo kibarua wa msimu wa mkonge au wa chai.

Halafu kuna njaa. Wanaomeza dawa za kifua kikuu husema "dawa hizi zina njaa", na wanajua wanalolisema: hamu ya chakula inarudi kwa kishindo katika nyumba ambayo mleta riziki ameugua na kipato kimesimama. Kenya ilipopima gharama zinazowaangukia wagonjwa, katika utafiti wa mwaka 2017, zaidi ya robo ya kaya za wagonjwa wa kifua kikuu zilikuwa zimetumia au kupoteza zaidi ya moja ya tano ya kipato cha mwaka. Kwa wenye kifua kikuu sugu zilikuwa zaidi ya kaya 8 katika kila 10. Vidonge hutolewa bure. Nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea havitolewi bure.

Wapo pia walioitwa watoro wakiwa hawajaacha dawa hata siku moja. Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti waliamua kwenda kuwatafuta sampuli ya wagonjwa wa VVU ambao kliniki ilidhani wamepotea. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki. Miongoni mwa waliokutwa hai na kuhojiwa, wengi walikuwa wakipata huduma katika kliniki nyingine. Walipoulizwa kwa nini waliondoka, walitaja nauli na umbali kabla ya mengine. Kwa hiyo katika orodha moja ya waliopotea walikuwamo marehemu na walio salama, na kila mmoja wao alihitaji kitu tofauti. Neno moja la lawama liliwafunika wote.

Sasa tufike kwenye mikatiko ambayo mgonjwa hakuwa na mkono ndani yake kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya ziliwang'oa watu majumbani, hasa Bonde la Ufa, na wahudumu wa kliniki za VVU za Eldoret na vitongoji vyake walilazimika kuwatafuta wagonjwa makambini. Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma za Kenya waligoma kwa siku 100. Juni 2017 wauguzi nao wakagoma kwa takriban miezi mitano. Mwanzoni mwa mwaka 2021 shehena ya dawa za kufubaza VVU ilikwama bandarini Mombasa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mvutano juu ya kodi, na watu wakapewa vidonge vya wiki badala ya miezi. Kisha ikaja Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kliniki zilizoitegemea, Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko, zikajikuta bila watumishi kwa usiku mmoja. Machi mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi nane zilizokuwa hatarini kuishiwa dawa za VVU ndani ya miezi michache. Kenya ilikuwamo.

Katika mifano hiyo, nani aliyetoroka? Swali hili linaulizwa kwa moyo mweupe kabisa. Mama aliyefika kliniki Februari 2025 akakuta mlango umefungwa, naye mwezi uliofuata jina lake likaonekana katika orodha ya waliokatiza tiba, alifika. Alikuwa na kadi mkononi.

Kuna mfano mwingine ambao haujulikani sana nje ya vyuo vya tiba. Mwanzoni mwa karne hii, madaktari wenyewe waliwahi kuwaagiza wagonjwa wa VVU waache dawa kwa vipindi maalumu, kwa matumaini kwamba mapumziko yangepunguza sumu ya dawa na gharama. Jaribio kubwa la namna hiyo, lililoitwa SMART, liliwahusisha watu 5,472 katika nchi 33. Lilisimamishwa Januari 2006 baada ya kuonekana kwamba waliopumzishwa walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kufa au kupata magonjwa nyemelezi, wakilinganishwa na walioendelea. Miezi miwili baadaye sehemu ya jaribio la DART, Uganda na Zimbabwe, iliyokuwa ikipima jambo hilohilo nayo ilisimamishwa. Somo la kitabibu lilikuwa wazi, na limeokoa maisha ya wengi: dawa za VVU zisikatwe. Lakini wakati majaribio yale yanaendelea, kukatika kwa tiba kuliitwa mapumziko yaliyopangwa. Mwili wa binadamu ulipata madhara yaleyale, ila jina lilitegemea nani ametoa amri.

Hoja ya nne: Neno likitiwa nguvu ya sheria

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya maneno tu. Yaliyotokea Kapsabet, Kenya, mwaka 2010 yanatoa jibu.

Agosti mwaka huo wagonjwa wawili wa kifua kikuu walifikishwa mahakamani kwa kutomeza dawa walizoandikiwa. Hakimu, akitumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, aliamuru wawekwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane, ili wamalizie dozi humo. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiwa. Gereza lenye msongamano ni mahali ambapo ugonjwa unaosafiri kwa hewa huenea kwa urahisi, na chakula chake hakimtoshi mtu anayemeza dawa zenye njaa. Kwa afya ya wagonjwa hao na ya wafungwa wenzao, pasingeweza kuchaguliwa mahali pabaya zaidi.

Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Nairobi, ikiungwa mkono na KELIN, shirika linalotetea haki za afya. Tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga gerezani wagonjwa wa kifua kikuu kwa ajili ya matibabu kulikiuka Katiba. Aliitaka serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa, pale inapolazimu, katika namna inayoheshimu utu wao. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ambayo imewekwa kwa kumbukumbu ya tangazo la Koch.

Hakimu wa mwaka 2010 hakubuni fikra mpya. Alifuata mantiki iliyomo ndani ya neno. Mtu akishaitwa mtoro, hatua inayofuata ni kumkamata.

Iko njia nyingine, na Tanzania imeipitia. Programu ya Taifa ya Kifua Kikuu na Ukoma ilianza mwaka 1977, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Styblo na wenzake wa Kitanzania walijenga mfumo wa wilaya: mratibu mwenye usafiri, hadubini inayofanya kazi, dawa zisizokatika, na rejesta inayoeleza kilichompata kila mgonjwa. Mfumo huo ukawa kielelezo cha mkakati wa DOTS, ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza duniani katikati ya miaka ya 1990. Rejesta ya Styblo ilikuwa chombo cha kuihoji programu. Ilitakiwa iwaonyeshe viongozi wao wamepoteza watu wangapi, na wapi.

Mwanzoni mfumo ulimtaka mgonjwa afike kituoni kumeza dozi mbele ya mhudumu. Kisha Watanzania wakauliza kama hilo ni lazima. Temeke, Dar es Salaam, wagonjwa karibu 600 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walimeza dawa kituoni, wengine nyumbani wakisimamiwa na ndugu au mtu aliyewahi kuugua. Matokeo, yaliyochapwa mwaka 2004, hayakutofautiana. Kuanzia mwaka 2006 programu ilijaribu utaratibu wa kumwachia mgonjwa achague, na baadaye utaratibu huo ukaenezwa. Aliyekuwa akisubiriwa kituoni akapewa msimamizi wa dawa anayeishi naye, mara nyingi mke, mama au jirani. Huko hukohuko Temeke, watu waliopona wakaunda chama chao, MUKIKUTE, wakawa wanawatembelea wagonjwa majumbani. Anayebisha hodi ni mtu aliyemeza vidonge vilevile.

Hoja ya tano: Kitenzi tunacho

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha neno lake la Kiingereza la mahakamani. Lilikuwa limelalamikiwa na madaktari na wagonjwa kwamba linamlaumu mtu kabla ya kumsikiliza. Mahali pake likawekwa jina lenye maana ya kupotea katika ufuatiliaji. Rejesta za nchi zetu zilibadilishwa kwa Kiingereza, lakini katika Kiswahili cha korido mtoro alibaki palepale.

Walimu wa Kiswahili walioko hapa wanajua kuwa lugha yetu inazitenganisha kwa kiambishi kidogo tu hali ambazo lugha nyingine huzichanganya. Kukatisha kuna mtendaji anayejulikana. Kukatika hakumtaji mtendaji, kunasema tu kwamba kilichokuwa kikiendelea kimesimama. Umeme ukikatika Kariakoo, hakuna anayemwita mwenye nyumba mtoro. Watu huuliza umekatikia wapi. Swali hilohilo ndilo muuguzi anapaswa kulipata mdomoni bila kutafuta: dawa zimekatikia wapi? Nyumbani, njiani, dirishani, bohari, au wizarani?

Kwa hiyo pendekezo ni hili: kwa tukio, kukatika kwa tiba; kwa mtu, mgonjwa aliyekatikiwa na tiba. Anayeona jina hilo ni refu akumbuke kwamba Kiswahili kimefanya hivi karibuni tu. Neno zeruzeru lilikuwa fupi na kila mtu alilijua, na leo magazeti, shule na mahakama husema mtu mwenye ualbino. Ilichukua muda, na ilifanyika.

Hili halimwondolei mgonjwa wajibu wake. Wapo wanaoacha dawa kwa hiari, kwa pombe, kwa kukata tamaa, kwa kuambiwa na mhubiri kwamba wameshapona, au kwa kuogopa jirani kuona kopo la vidonge. Hao nao dawa zimewakatikia mahali, na mahali hapo panafikika kwa mazungumzo. Anayerudi kliniki baada ya wiki tano akapokewa kwa maneno "mtoro huyo karudi", mbele ya benchi zima, amefundishwa kutorudi tena.

Kazi iliyo mbele

Tiba zenyewe zinafupishwa. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu dozi ya vidonge ya miezi sita, mahali ambapo zamani walihitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi, pamoja na sindano zilizowaharibia baadhi yao masikio. Kila mwezi unaopunguzwa ni mwezi ambao tiba haiwezi kukatikia. Lakini misaada ya nje inapungua, na miaka inayokuja itakuwa na mikatiko mingi inayoanzia juu. Hilo linaifanya kazi ya kuandika sababu kuwa ya haraka.

Yako mambo matatu ambayo waliomo ukumbini humu wanaweza kuyaanza bila kusubiri fedha. Wizara za afya, zinapochapa rejesta mpya au kurekebisha mfumo wa kompyuta, ziongeze nafasi ya kuandika sababu ya kukatika, na kituo chenyewe kiwe moja ya majibu: dawa hazikuwapo, kituo kilifungwa, mhudumu hakuwapo. Vyombo vya lugha, BAKITA kwa upande wa Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda, vikae na waratibu wa kifua kikuu na VVU vipitishe istilahi moja itakayotumika katika miongozo, mabango na mafunzo. Na vyuo vya uuguzi vimfundishe mwanafunzi namna ya kumpokea aliyerudi: aketishwe, aulizwe faragha, apimwe makohozi, aanzishiwe dawa upya inapobidi, na akabidhiwe namba ya simu ya kupiga kabla ya safari ijayo.

Wauguzi, orodha ya wiki hii ipo mezani kwenu. Kabla ya kuwapigia simu waliomo, ombeni kwanza daftari la bohari, mhakiki kama siku walizokosa dawa kulikuwa na dawa.